Kozi Hiyo Usiibadili kwa Ajili Yangu

Rehema mwanangu,

Mjomba wako kaja leo mchana kunishukuru. Nakwambia kunishukuru! Kaingia uani uso unang'aa, kavuta kigoda mwenyewe, kakaa. Nikamwamkia. Akaitikia, akasema, "Mdogo wangu, umefanya kazi nzuri. Mtoto kaelewa." Nikamuuliza kaelewa nini. Ndipo akanieleza kwamba wewe mwenyewe umemwahidi: ukifika chuo tu unakwenda kuomba kubadilishiwa kozi. Sayansi ya siasa unaiacha, unachukua manunuzi na ugavi. Nilikuwa nasonga ugali, nikauacha ushike chini.

"Kasema hataki uendelee kuaibika kwa ajili yake," akaniambia. "Mtoto mwenye adabu sana yule."

Hebu nieleze, Rehema. Nani kakwambia mimi naaibika?

Sasa hivi umepanda kwa bibi yako kuaga. Ningeweza kukungoja urudi nikuseme hapahapa uani. Lakini najijua. Nikianza kwa mdomo nitafoka, wewe utalia, mimi nitakuonea huruma, tutakumbatiana, na asubuhi utapanda treni yako ya umeme kwenda Dodoma huku la maana halijasemwa. Bora niandike. Mambo ya ndoo, mashuka na chandarua nimeshayasema mpaka umeniomba nipumzike, hayo humu hamna.

Nianze na siku ile ya mkutano, maana naona wewe unaikumbuka vingine kabisa.

Unajua mimi na kikundi changu tumeimba miaka mingi. Kabla hujazaliwa nilikuwa naimba. Akija kiongozi yeyote kijijini, wa elimu, wa afya, wa kilimo, sisi ndio tunaompokea barabarani, tunatangulia mbele yake mpaka uwanjani, tunakaa upande wa kulia wa meza kuu na ngoma zetu. Nilikuwa naona fahari. Tukipewa vitenge vya sare nilikuwa navivaa hata kwenda kuchuma nanasi, watu wanione. Sauti yangu ilikuwa inavuka bonde. Mpaka leo inavuka.

Na ile kazi nyingine nayo nilikuwa naijua vizuri sana, ila sikuwahi kuiita kazi. Mkutano ukifika kwenye maswali, akasimama mtu akauliza jambo zito, zahanati haina dawa, ushuru wa ndizi umepanda, mshereheshaji anageuka kwetu, anapunga mkono na kusema, "Mama Rehema, hebu tupozeni kidogo!" Mimi naanzisha, Mama Kulwa anaingia na ngoma, wanawake wanaitikia, uwanja mzima unasimama kucheza. Tukimaliza, aliyeuliza kashakaa zamani, na mshereheshaji anasema muda umetutupa mkono. Kila mtu anarudi nyumbani kafurahi. Hata aliyeuliza, wakati mwingine nilikuwa namwona anacheza.

Hilo ndilo nililokuwa nalifanya, mwanangu, na wala sikuwa nalifanya kwa ubaya. Nilikuwa nadhani mkutano mzuri ni ule ambao hakuna mtu aliyeondoka kanuna.

Sasa siku ile. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, kijito kimejaa, sote wa upande huu tulivuka kwa kushikana mikono, maji yakitufika mapajani, viatu kichwani. Wageni wao walikuja kwa njia ya juu, na magari yao. Mtendaji wa kijiji akasoma taarifa yake ya utekelezaji. Akasoma, akasoma, asilimia hizi, asilimia zile, tukapiga makofi. Asilimia ya nini? Hakuna aliyejua. Mimi nilipiga mpaka viganja vikawasha. Halafu akasoma kwamba kivuko cha waenda kwa miguu kwenye kijito chetu kimekamilika na wananchi wanakitumia. Tukapiga makofi! Rehema, tulikuwa tumelowa mpaka kwenye mapaja na tukapiga makofi!

Ukasimama wewe. Sikujua kama ungesimama. Ukasema, "Shikamooni wazee. Mimi naomba tu kuelekezwa. Hicho kivuko kilichokamilika kipo sehemu gani? Maana sisi leo tumevua viatu kuja hapa."

Watu wakacheka. Mgeni rasmi akainua uso. Mshereheshaji akageuka kwangu haraka, mkono juu, "Mama Rehema! Jamani, kikundi, tupozeni!"

Mama Kulwa akagonga ile ya kuanzia. Akanitazama. Akagonga tena. Wanawake wote wananitazama mimi, maana bila mimi hakuna wa kuanzisha. Na wimbo nilikuwa nao mdomoni, sikufichi, mdomo ulikuwa umeshafunguka. Nikakuangalia. Umesimama katikati ya watu, viatu mkononi, tope mpaka kwenye ugoko, na wala hukuwa unaniangalia mimi. Ulikuwa unamwangalia mtendaji, unangoja jibu kama mtu anayejua kwamba akiuliza anajibiwa.

Na mimi nikataka kulisikia hilo jibu. Basi, hakuna kingine. Watu wamesema nimetumwa, wamesema nimelishwa maneno, wamesema nimekupangia cha kuuliza. Sikupanga kitu! Nilitaka kusikia kivuko kiko wapi, kwa sababu na mimi navuka pale kila siku na mzigo wa ndizi kichwani, na sijawahi kukiona.

Nikafunga mdomo. Mshereheshaji akaita mara nyingine, uwanja ukawa kimya mpaka nikasikia kijito. Mgeni rasmi akamgeukia mtendaji, akamuuliza, "Kiko wapi?" Yule bwana akapekuapekua makaratasi yake, akasema, "Mheshimiwa, kipo kwenye hatua." Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgeni akasema litafuatiliwa. Baadaye walikuja vijana wawili, wakapima, wakachomeka vigingi vyao, wakaondoka. Vigingi vilikwenda na maji. Mpaka leo tunavua viatu, na sitakudanganya kwamba tulishinda.

Kilichofuata unakijua. Kikundi chetu hakiitwi tena, wanaitwa wanawake wa ng'ambo. Mama Kulwa hanisalimii, anapita na beseni lake kama hanioni. Na mjomba wako, ambaye ni mjumbe wa serikali ya kijiji na alikuwa kaketi meza kuu kavaa koti lake la sherehe, akaitisha kikao cha ukoo. Akasema mtoto wa kike kawavua watu wazima nguo hadharani, na kwamba chanzo ni hiyo siasa unayotaka kwenda kuisomea, na kwamba ibadilishwe. Baba yako alipopiga simu kutoka kwenye miwa yake kule Turiani akasema mwacheni mtoto asome anachotaka, mjomba akamjibu, "Shemeji, wewe tunakuheshimu, lakini mtoto ni wa ukoo wetu." Ndivyo tulivyo sisi Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, mjomba ana neno. Baba yako akakata simu. Wewe ukainama. Mimi nikadhani umeinama kwa heshima, kumbe ulikuwa unakubali!

Rehema, nimekasirika. Nimekasirika na kaka yangu, nimekasirika na mtendaji na taarifa yake, na wewe nimekukasirikia kuliko wote, kwa sababu hao wengine sikuwazaa.

Hivi unajua mimi nilivyolia uliponiambia mara ya kwanza kwamba umechagua sayansi ya siasa? Nililia kwa hasira. Nilikwambia siasa ni kazi ya watu wenye meno makubwa, na sisi meno hatuna. Nilikwambia nenda ukasome uuguzi. Ulinuna siku nzima. Kesho yake tuko shambani tunachuma nanasi, ukaanza kunieleza taratibu, wala hukubishana. Ukasema mama, mwaka wa kwanza nitasoma serikali ni nini na ilitoka wapi, na watu wa zamani walifikiri nini kuhusu kutawalana. Mwaka wa pili nitasoma katiba, sheria za utawala, serikali za mitaa. Mwaka wa tatu nitakwenda mahali nikafanye utafiti wangu mwenyewe, niandike. Nikakuuliza, hizo serikali za mitaa ni pamoja na hii ya kwetu hapa, ya mtendaji? Ukasema ndiyo, hiihii. Nikasimama na nanasi mkononi. Sikujua kwamba kuna chuo ambako watu wazima wanakaa darasani kumsoma mtendaji wetu! Siku hiyo ndipo nilipokubaliana nawe, ingawa sikusema.

Tangu hapo sina raha na watu. Ukipita dukani wanakuita mheshimiwa. "Mheshimiwa, usitusahau ukifika huko juu." Wanacheka, na wewe unacheka, na mimi nacheka kwa nje. Halafu haohao wanasema siasa ni uongo mtupu. Haya, siasa ni uongo. Sasa wanataka aisome nani? Waongo peke yao?

Nimekaa na ule mpango wako wa masomo kichwani, na kwa kuwa nimeshakasirika, acha niseme yote. Rafiki yako wa Kingolwira, yule uliyefanya naye mitihani, anakwambia uchague masomo ya mteremko ili upate alama nzuri. Anakwambia takwimu ikimbie. Usiikimbie. Najua hesabu hukuzipenda tangu msingi, hata mimi sikuzipenda, lakini nilipiga makofi kwa asilimia nisizozielewa na bado viganja vinaniuma nikikumbuka. Angekuwepo mtu mmoja tu uwanjani pale wa kuuliza asilimia ya nini, kati ya ngapi, nani kahesabu, tungecheka mapema zaidi. Takwimu isome hata ukipata alama ya kuchechemea.

Na yale ya uhusiano wa kimataifa na ubalozi, yasome kama unayapenda, sikuzuii kupanda ndege. Ila serikali za mitaa usiiache eti kwa sababu ni ya hiari na wenzako wanaiona ya kishamba. Mabalozi hawavuki kijito chetu.

Ukija kwenye kuchagua pa kufanyia mafunzo kwa vitendo, usikimbilie ofisi yenye kiyoyozi kwa sababu ya picha. Nenda kijiji usichokijua, kaa nyuma kwenye mkutano, uone nani anasimama na nani anazimwa, na anazimwa kwa kitu gani. Kwetu wanatumia ngoma. Kwingine sijui wanatumia nini, pengine wanatumia dua, pengine soda. Hilo lingenifurahisha kulisoma siku moja likiwa limeandikwa na wewe.

Nami nina langu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa muulizaji, Mungu wangu, ulikuwa unauliza mpaka kuku. Kwa nini jogoo hatagi, kwa nini mjomba anakula nyama ya kwanza, kwa nini mvua inaanzia juu mlimani. Na mimi nilikuwa nakunyamazisha. "Mtoto hahoji wakubwa." Nilikuwa nakupiga kibao cha mdomo, kidogo tu, lakini kibao. Nilidhani nakufunza adabu. Sasa nikiona umeinama mbele ya mjomba wako na kukubali jambo ambalo moyo wako haulitaki, naiona kazi ya mkono wangu, na inaniudhi sana.

Unasema hutaki niaibike. Kwanza niulize! Umenipangia aibu bila kuniuliza kama ninayo. Ni kweli nimeumia, nisiseme uongo. Wanawake wa ng'ambo walipoimba juzi kumpokea mgeni nilisikia ngoma kutoka hapa jikoni, na yule anayewaanzishia hana pumzi, anakatakata maneno, nikatamani kukimbia nikamsaidie. Nilimwaga machozi kwenye kitunguu. Napenda kuimba. Mama Kulwa nampenda, nimekaa naye ngomani tangu tukiwa wasichana. Lakini mtu anaweza kuumia bila kuwa na aibu, Rehema. Hayo ni mambo mawili, na wewe umeyachanganya.

Kunyamaza kwangu siku ile ni kwangu. Hukuninyamazisha wewe. Katika maisha yangu yote nimeambiwa imba nikaimba, nimeambiwa piga makofi nikapiga, nimeambiwa kikao ni cha wanaume nikapika. Jambo moja tu nimelifanya mbele za watu kwa akili yangu mwenyewe. Ukienda huko ukaibadili hiyo kozi ili kunifidia, maana yake unasema nilikosea. Sitaki! Usininyang'anye hilo, sina lingine.

Sasa nikwambie nilichomjibu mjomba wako, maana atakupigia, na bora uyasikie kwangu kwanza.

Nilimwambia, "Kaka, shikamoo tena. Nimekusikiliza. Wewe una watoto, Mungu awatunze. Hao watoto wako ni wa ukoo wa nani?"

Akasema, "Wa ukoo wa mama yao. Unaniuliza nini?"

Nikamwambia, "Na ukoo wetu, hili lukolo unalolitolea sauti kila siku, linaendelea kwa nani? Kwako haliendelei. Linapita kwangu, kisha linapita kwa Rehema. Wewe una neno, sikatai, neno lako ni la kumlinda. Sasa mtoto huyu kasimama kauliza kivuko cha kijito ambacho mama yako anakivuka kwa kubebwa mgongoni, na wewe unataka kumlinda mtendaji?"

Akasema, "Mimi nilikuwa meza kuu, unajua nilivyojisikia?"

Nikamwambia, "Sijui. Mimi nilikuwa nimelowa."

Akainuka. Nikamwambia kaka, chakula kiko tayari, ukae ule. Akasema kashiba. Unajua uzito wake, mtu wa kwetu kuondoka kwa dada yake bila kuonja. Hajawahi kufanya hivyo tangu tuzaliwe. Nimemsindikiza mpaka kwenye migomba, hakugeuka. Nilirudi nikakaa, nikalia kidogo, kisha nikala ule ugali ulioshika, wote, kwa hasira.

Kwa hiyo usidhani nakuandikia haya nikiwa nimeketi kwa raha. Huenda mjomba asikusaidie tena. Huenda kozi yenyewe isikupe kazi, mimi sijui, na anayekwambia anajua anakudanganya. Manunuzi na ugavi ni kozi nzuri, wamesoma watoto wa watu wameajiriwa. Kama ungenijia ukaniambia mama, nimefikiri, nimeona siasa si yangu, moyo wangu uko kwenye manunuzi, wallahi ningekuunga mkono na ningemwimbia huyo mjomba wako mlangoni kwake. Ukifika Dodoma ukakaa darasani, ukaona huipendi, badilisha. Huhitaji ruhusa yangu, na sitauliza mara mbili.

Lakini ukibadilisha kwa sababu Mama Kulwa hanisalimii, au kwa sababu kaka yangu kanuna, au ili mimi nirudishwe kukaa upande wa kulia wa meza kuu, hapo hatutaelewana. Sitakufukuza, wewe ni mwanangu. Ila jua utakuwa umefanya nini. Siku ile mshereheshaji aliniomba nikuzime, mbele ya kijiji kizima, nikakataa. Ukiibadili kozi hiyo kwa ajili yangu, utakuwa umejizima mwenyewe, Rehema, na safari hii hakuna hata aliyekuwa anapiga ngoma.

Mama yako